Simu Haishiki Spana

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema elimu ni bahari. Methali hii tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi mpaka imechakaa, lakini nadhani sisi wa pwani ya kusini tuna haki ya kuitumia, kwa sababu bahari yenyewe tunaiona kila siku. Na mtu aliyeiona bahari ya Msambweni anajua kwamba haiingiwi kwa njia moja. Kuna anayeingia kwa mashua, kuna wa ngalawa, na kuna mama anayengoja maji yapwe siku za bamvua, akatembea kwa miguu juu ya mwamba, mkonjo mkononi, akimtafuta pweza shimoni mwake. Wote hurudi na kitoweo. Sijasikia mvuvi akimwambia mwenzake, "Wewe hukuvua, maana hukupanda mashua."

Elimu nayo ni vivyo hivyo. Nyumbani kwetu tuko wanafunzi wanne, ingawa ni wawili tu tunaovaa sare. Dada yangu yuko Kidato cha Nne. Yeye hawezi kukumbuka jambo mpaka aliandike, na madaftari yake yana kalamu za rangi tatu kama leso. Mimi ni mtu wa masikio. Nilianza chuoni kabla ya shule, nikahifadhi Juzuu Amma kwa kumfuata ustadhi kwa sauti, aya kwa aya, na mpaka leo jambo nililolisikia halinitoki upesi. Ami yangu ni fundi wa pikipiki pale Ukunda. Aliacha shule darasa la sita, lakini mwekee injini mbele yake: ataitegea sikio kama daktari, ataigusa hapa na pale, kisha atakuambia ugonjwa wake. Wa nne ni bibi. Hajui kusoma wala kuandika, na yeye ndiye anayejua majina ya miti, majira ya kusi na kaskazi, na jamaa zetu wote kutoka Lunga Lunga hadi Tiwi.

Muhula wa kwanza mwalimu wa ushauri nasaha alitufundisha kuhusu mitindo ya kujifunza. Alitueleza kwamba mwaka 1992 wasomi wawili wa New Zealand, Neil Fleming na Colleen Mills, waliandika juu ya mitindo minne: kuona, kusikia, kusoma na kuandika, na kutenda. Loo! Darasa letu lilijigawa papo hapo kama timu za kandanda. Huyu akasema, "Mimi ni mtu wa macho." Yule akadai, "Mimi ni wa vitendo, ndiyo maana Historia hainiingii." Kila aliyekuwa na alama mbaya akapata kisingizio kipya, tena cha kutoka ng'ambo.

Mwalimu alitungoja tumalize kelele, kisha akatuambia sehemu ya pili ya habari. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler na wenzake, walipitia uchunguzi uliokuwa umefanywa kuhusu mitindo hiyo. Waliona hapana ushahidi wa kutosha kwamba mwanafunzi hufaulu zaidi akifundishwa kwa ule mtindo anaouita wake. Darasa likanyamaza. Yule wa Historia akainama.

Mimi nimelifikiria jambo hilo muda mrefu, na maoni yangu ni haya. Watu tunatofautiana, hilo halina ubishi. Lakini hata somo lenyewe huchagua mlango wake. Shairi huingia kwa sikio, maana mizani na vina havionekani kwa macho tu. Ramani huingia kwa jicho. Insha huingia kwa kalamu, tena kwa kuandika na kufuta. Injini huingia kwa mkono. Mimi mwenye masikio makubwa nikikataa kuchora ramani, sitaijua Jiografia hata nikisomewa usiku kucha. Kwa hivyo kila mmoja wetu anahitaji milango yote, ingawa mmoja anaupenda zaidi.

Sasa nije kwenye teknolojia. Wengine wetu hudhani teknolojia ilianza na simu ya kugusa. La hasha! Baba husimulia kwamba alipokuwa shule ya msingi waliwekewa redio mezani, darasa zima likanyamaza kusikiliza vipindi vilivyotayarishwa na Taasisi ya Elimu ya Kenya, ile KIE ambayo mwaka 2013 iligeuka kuwa KICD. Kipindi kikiisha mwalimu aliuliza maswali, na aliyelala alijulikana.

Mimi niliingia darasa la kwanza mwaka 2016, mwaka ule ule serikali ilipoanza kugawa vishikwambi katika shule za msingi. Katika shule niliyosoma vilipokelewa kwa shangwe na vigelegele. Kisha vikafungiwa katika kabati la chuma, na mlango ukatiwa kufuli mbili. Tulivishika kwa zamu, watoto watatu kwa kimoja, na mara nyingi kengele ililia kabla zamu yangu haijafika. Ninachokumbuka zaidi ni harufu ya plastiki mpya.

Halafu ikaja korona. Tarehe 15 Machi 2020 Rais alitangaza shule zifungwe. Nilikuwa darasa la tano, na wanafunzi wote hawakurudi mpaka tarehe 4 Januari 2021. Katika muda huo masomo yalirushwa redioni na runingani. Runinga hatukuwa nayo. Redio ilikuwapo, ya betri, mali ya bibi, nayo kwa kawaida haikuguswa na mtu. Bibi akanikabidhi kila asubuhi, lakini kwa sharti kwamba naye asikilize. Basi tulikuwa darasa la watu wawili pale barazani, yeye akipara samaki, mimi na daftari langu.

Somo la Kiswahili lilikuwa tamu. Hadithi ikisomwa, bibi huitikia kana kwamba msomaji yuko mbele yake. Lakini siku ya Hisabati mwalimu wa redio alituambia tuchore pembetatu yenye pembe mraba. Niliichora mchangani kwa kijiti. Mwalimu akasema, "Vizuri sana!" Bibi akaitazama pembetatu yangu, akanitazama mimi, akauliza, "Yeye aijuaje kuwa ni nzuri? Kwani yuwaiona?"

Msomaji, swali hilo la bibi sijalisahau. Redio ilinipa mengi, na bila hiyo ningekaa miezi tisa mikavu. Lakini haikuweza kuniona nikikosea. Ustadhi wetu chuoni hutusikiliza mmoja mmoja, ukikosea herufi anakurudisha papo hapo. Ami humwachia mwanagenzi wake afungue gurudumu, naye amesimama pembeni akimwangalia. Kusikia na kuona ni nusu ya kujifunza. Nusu ya pili ni mtu akuone unavyofanya, akurekebishe.

Siku hizi simu ya kugusa nyumbani kwetu ni moja tu, ya kaka, anayefanya kazi hotelini Diani. Hurudi saa nne za usiku, na hapo foleni huanza: dada anataka karatasi za mitihani ya zamani, mimi nataka video ya Kemia, na bando ni la shilingi ishirini. Kanuni za shule zinakataza simu darasani, kwa hivyo sisi wa kutwa simu zetu ni za usiku. Baba ana ile yake ndogo ya mulika mwizi, inayofaa kupiga, kupokea, kutuma pesa na kumulika njia ya chooni.

Siku moja ya Jumamosi nilimkuta ami kibandani kwake akitazama video ya kufunga nyaya za pikipiki ya aina mpya. Aliitazama mara tatu, akairudisha nyuma mahali palipomtatiza. Kisha akaiweka simu juu ya sanduku la vifaa, akainama kazini. Nikamwambia, "Ami, si uendelee kuitazama huku ukifanya?" Akacheka. "Mwanangu, huyu amenionyesha njia, Mungu ambariki. Lakini simu haishiki spana."

Maneno hayo niliyaona kwa macho yangu tulipokwenda Gazi. Klabu yetu ilizuru mikoko ya huko, mahali penye mradi wa wanakijiji wa Gazi na Makongeni uitwao Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013. Mradi huo huhifadhi mikoko na kuuza hewa ya ukaa ambayo miti hiyo imeifyonza, na mapato husaidia mambo ya kijiji kama maji na elimu. Kabla ya safari nilikuwa nimetazama video nzima kuhusu mikoko. Nilijiona mtaalamu. Nilijua kwamba mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi kama miguu ya buibui, na mchu hutoa vijizizi vya kupumulia vinavyochomoza matopeni kama penseli.

Tulipofika, mama mmoja wa pale alitutembeza. Hakutuhubiria. Alichuma jani la mchu akasema, "Lambeni." Tukatazamana. Mmoja akajitia ushujaa akalamba, akakunja uso: chumvi! Mama akatueleza kwamba mti ule hunywa maji ya bahari kisha huitoa chumvi kupitia majani yake. Halafu akatupa kila mmoja mche mrefu wa mkoko, ule unaoota ukiwa bado unaning'inia mtini, akatuagiza tuuchomeke topeni. Wangu niliuchomeka kichwa chini. Mama akaung'oa bila kusema neno, akaugeuza, akanirudishia. Video ilikuwa ya dakika kumi na mbili na sauti yake nzuri, lakini chumvi ile haikuwamo, wala mkono ule wa mama. Na hata hivyo nisiseme uongo: kwa sababu ya video niliuliza maswali mengi kuliko wenzangu. Simu ilinitangulizia njia, tope likamalizia.

Tukija kwenye mawasiliano, mabadiliko ni makubwa zaidi. Shangazi yangu anafanya kazi Uarabuni. Kwa miaka mingi mimi nilikuwa karani wa bibi. Yeye husema, mimi huandika ujumbe katika simu ya kaka, nao ukitoka huwa umefupishwa kama suruali ya mtoto aliyekua. Bibi husema maneno mia, mimi naandika "Bibi mzima. Anakusalimu. Tuma pesa ya dawa." Siku moja aliniuliza, "Mbona nimesema mengi na kidole chako kimekwenda kidogo?"

Tangu kaka amfundishe kurekodi sauti katika WhatsApp, kazi ya ukarani nimeachishwa. Bibi hubonyeza, akaanza: salamu, habari za kazi, habari za waajiri, habari za mvua, kisha mbuzi mmoja mmoja kwa jina. Dakika nne hazimtoshi. Na shangazi huko aliko, akisikia sauti ile, wakati mwingine hujibu kwa kilio. Kwa hakika hapa teknolojia imefanya jambo ambalo kalamu yangu haikuliweza. Bibi ni mtu wa sikio na ulimi, na kwa mara ya kwanza chombo kimemfuata yeye mahali alipo, badala ya kumtaka yeye akifuate.

Lakini sisi wasomi je? Sisi ndio tunaokata maneno. "Sijui" imekuwa "cjui", "sasa" imekuwa "xaxa", na "niko" imekuwa "nko". Si dhambi kwa marafiki, maana kila mahali pana lugha yake, na hata wavuvi wana maneno yao ya haraka wimbi likija. Taabu ni pale mkono unapozoea. Mwalimu wetu wa Kiswahili alirudisha insha muhula uliopita, na katika insha ya barua rasmi mwenzetu mmoja alikuwa amemwandikia mkuu wa wilaya kwamba "2naomba". Darasa lilicheka mpaka likalia. Msahihishaji wa mtihani wa taifa hatacheka, atakata alama.

Isitoshe, kuna adabu inayopotea njiani. Nikikutana na mzee barabarani nitasema shikamoo, nitangoja marahaba, ndipo nitoe haja yangu. Katika simu mtu humwandikia mwalimu wake "Kazi ni gani?" bila salamu, bila jina, saa tano za usiku. Uso wa mwalimu hauuoni, kwa hivyo ulimi hauna breki.

Haya yote ni mepesi. Sasa nisimulie lile lililonifanya nishike kalamu.

Nina rafiki, jina lake nalihifadhi. Tulianza pamoja Kidato cha Kwanza. Kwa Hisabati hana mfano: hupiga hesabu kichwani huku sisi tukitafuta kalamu. Kwao hakuna simu ya kugusa hata moja. Mwaka huu baadhi ya kazi za ziada zilianza kutumwa usiku katika kundi la WhatsApp la darasa. Nia ilikuwa njema, kuokoa muda wa kunakili ubaoni. Asubuhi moja kazi ikaitishwa. Rafiki yangu akasimama.

"Yako iko wapi?"

"Sikuiona, mwalimu."

"Wenzako wote wameiona. Wewe peke yako ndiye huna macho?"

Tulikaa kimya. Yeye naye hakusema kwamba kwao hakuna simu. Msomaji, ni rahisi kusema kwamba angejieleza. Lakini wewe ukiwa na miaka kumi na sita, mbele ya watu arobaini na tano, ungeutangaza umaskini wa mama yako? Alipendelea aitwe mvivu.

Ilitokea tena mara mbili. Wiki iliyofuata hakuja shule. Tukasikia yuko ufuoni, anasaidia kusukuma mashua za watalii kwa malipo ya siku. Watatu wetu tulimfuata baada ya masomo. Tulimkuta ameketi juu ya nanga, nguo zimemlowa. Akatuambia, "Huku kazi naiona kwa macho yangu. Hakuna anayenitumia usiku."

Tulizungumza naye mpaka magharibi. Hatukumpa nasaha nyingi, maana mwenye njaa hashibi maneno. Tulimwahidi jambo moja tu: kwamba kazi yoyote atakayoikosa itamfikia. Kesho yake tulikwenda kwa mwalimu wa darasa tukamweleza, kwa ruhusa yake. Mwalimu alishika kichwa. Hakuwa amejua. Tangu siku hiyo kazi zote huandikwa ubaoni kabla ya saa kumi, na kuna daftari moja kubwa linaloning'inia kwa kamba kwenye msumari karibu na mlango. Lolote linalotumwa katika kundi, aliye wa zamu hulinakili humo asubuhi, na aliyekosa hapewi adhabu mpaka daftari litazamwe kwanza. Rafiki yangu amerudi. Muhula huu anatufundisha logi wakati wa chakula cha mchana, kwa chaki na sakafu. Wasichana wawili wa mkondo wa pili walioacha kwa sababu kama hiyo bado hawajarudi.

Ndiyo sababu naona jambo hili si la mzaha. Sisi wa Kidato cha Tatu ndio tulioufanya mtihani wa KCPE mara ya mwisho, mwaka 2023. Nyuma yetu hakuna tena darasa la mfumo wa 8-4-4. Walioingia sekondari Januari 2026 ni wa Gredi ya Kumi, wenye mtaala wao wa umilisi. Mtihani wetu wa KCSE ni wa mwaka 2027. Anayeachwa njiani sasa hawezi kurudi nyuma kidogo akajiunga na wadogo zake, kwa kuwa wadogo zake wanapita barabara nyingine.

Kwa hayo, naomba nitoe mapendekezo kwa unyenyekevu. Mosi, kila darasa liwe na daftari la msumari kama letu. Gharama yake ni daftari na kamba. Pili, wenye simu waunde vikundi vya watu watano watano mtaani, ili video moja itazamwe na watano, kisha simu iwekwe chini na kila mmoja aeleze alichoelewa kwa mdomo wake. Anayeeleza vibaya hurekebishwa pale pale, na hapo ndipo nusu ya pili ya kujifunza inapopatikana. Tatu, klabu yetu ya Kiswahili ianze kurekodi. Tunasoma fasihi simulizi kitabuni na kuulizwa katika Karatasi ya Tatu, ilhali mabibi na mababu wenye ngano na vitendawili wako hapa hapa Kwale. Wao hawakuandika. Sauti zao zinaweza kuingia katika simu hii hii tunayoilaumu. Nne, walimu wetu wapendwa, kabla ya kutuma kazi usiku, ulizeni kwa siri ni nani hana mahali pa kuipokelea. Msiulize mbele ya darasa. Hatanyoosha mkono.

Na kwa wenzangu wanaosema, "Mimi ni wa macho, mimi ni wa masikio," nasema tusifungie elimu nje kwa kupenda mlango mmoja. Dada yangu wa kalamu tatu amekubali kunisomea maswali kwa sauti, nami nimekubali kuandika majibu. Kila usiku tunagombana, na alama zetu zimepanda.

Kurasa ni chache na wenzangu wengine wanangoja zamu yao, kwa hivyo natua kalamu. Jumamosi nitakwenda na simu ya kaka kwa bibi kuanza kurekodi ngano ya kwanza. Ameniwekea sharti: nisiikate hata neno moja.